Kile Kitu Ukutani: Ushauri kwa Anayetaka Maana Zaidi ya Mapambo

Sebule nyingi za Goma zina kitu kimoja cha asili kilichowekwa mahali pa kuonekana. Katika nyumba za Himbi zinazotazama ziwa kitakuwa kinyago cha Kilega, au kitambaa cha Kikuba kilichotandazwa ukutani. Katika nyumba ya mbao ya Majengo au Ndosho, iliyosimamishwa juu ya mawe meusi ya volkeno, kitakuwa mgwisho wa babu nyuma ya mlango, kikapu alichokuja nacho bibi arusi, kibuyu cha maziwa, au chukudu ndogo ya kuchongwa, mfano wa ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyokaa juu ya kabati karibu na redio. Mgeni akiuliza ni nini, mwenye nyumba hujibu upesi: "Ni mapambo tu."

Makala hii ni ya huyo mwenye nyumba. Jibu lake si uongo, ila ni dogo kuliko kitu chenyewe, na mara nyingi ni dogo hata kuliko analolihisi moyoni. Alikipokea kutoka mikono ya mtu, au alikinunua siku ambayo pesa haikuwa nyingi. Amehama nacho kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine. Kama kingekuwa pambo tu, angeshakiacha njiani zamani. Kinachomfunga mdomo ni kwamba hajui aanzie wapi kukieleza, na anaogopa: wazee watamcheka, mchungaji atamkaripia, jirani atadhani anatangaza kabila.

La kwanza ninalomshauri ni kuacha kukaa mbele ya kitu hicho akingoja kimwambie neno. Vitu hivi havikutengenezwa ili viseme vyenyewe. Maana yake ilikaa katika maneno yaliyotamkwa mbele yake na mtu anayejua, kwa mtu anayepaswa kujua, wakati uliopangwa. Katika pande zetu hizi hakuna walioifanya kazi hiyo kwa kina kama Walega, na kwao ndiko nimejifunza karibu yote ninayotaka kusema hapa.

Walega ni watu wa Shabunda na Mwenga katika Kivu Kusini, na wa Pangi huko Maniema. Hapa Goma wamo kila mtaa. Hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Walichokuwa nacho ni bwami, chama cha mafunzo chenye ngazi, ambamo mtu hupanda kwa tabia yake, kwa msaada wa ndugu zake na kwa mkewe, maana mwanamume hafiki ngazi za juu bila mke wake kuingizwa pamoja naye katika ngazi yake mwenyewe, bunyamwa. Wakoloni wa Kibelgiji waliipiga marufuku bwami mwaka 1933, wakarudia mwaka 1948. Haikufa. Daniel Biebuyck, mtafiti aliyekaa nao miaka ya 1950, alihudhuria sherehe zake na kuandika mambo mengi ambayo leo mjukuu wa Kilega aliyezaliwa Goma anaweza kuyasoma.

Chukua kinyago chao kimoja tu, lukwakongo. Ni kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja. Uso una umbo la moyo, nyusi zikishuka na kukutana kwenye pua nyembamba, macho yamefumba nusu, mdomo ni mdogo. Usoni kimepakwa udongo mweupe, na kidevuni zinaning'inia ndevu za nyuzi zilizo ndefu kuliko uso wote. Anayekiona dukani hudhani ni cha kuvaliwa usoni. Mara nyingi hakikuvaliwa hivyo. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye paji la uso au kwenye mkono, kiliburutwa chini kwa ndevu zake, kilitundikwa uzioni pamoja na wenzake. Na kila namna ya kukishika ilikuja na mchezo wake, wimbo wake na methali yake, na ndani ya methali mlikuwa na fundisho: juu ya uchoyo, juu ya mzee aliyesahauliwa, juu ya mtu mwenye kuchochea ugomvi wa wengine. Siku nyingine, mkononi mwa mwalimu mwingine, kinyago kile kile kilibeba fundisho jingine.

Hawakutegemea uzuri wa kitu. Mdomo wa ndege, ukucha wa mnyama, ganda la konokono, jani kavu, vyote viliingia katika mafunzo na kupewa maneno, sawasawa na sanamu iliyochongwa kwa ustadi. Hilo linanipa moyo kila ninapoingia nyumba isiyo na kitu cha bei.

Basi ikiwa Walega wenyewe waliruhusu kitu kimoja kibebe mafundisho mengi, wewe wa Ndosho nawe unayo nafasi ya kukipa chako neno la nyumba yako. Ruhusa ipo ndani ya mila. Lakini katika bwami hakuna aliyeanza na neno lake kabla ya kusikia ya waliomtangulia. Wachuuzi wanaokuambia "hiki ni cha bahati, hiki ni cha kufukuza wachawi" wanakuuzia maneno waliyoyatunga asubuhi hiyo. Usiyachukue. Na usitunge ya kwako kwa haraka ile ile.

Nenda kaulize. Kama kitu kimetoka katika ukoo, tafuta mzee aliyekijua kikitumika. Usimuulize "maana yake nini?" Swali hilo hulazimisha jibu fupi, na mzee mwenye adabu atakupa fupi kweli ili akuridhishe. Muulize nani alikishika, kilitolewa lini, mchana kilikaa wapi, nani hakuruhusiwa kukigusa, na walipokitoa waliimba nini. Kwenye swali la wimbo wazee wengi huacha kueleza, wakaanza kuimba, na hapo ndipo unapopata kile ulichokwenda kukitafuta. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, au kinywaji anachokipenda. Kama lugha ya kwenu inakupiga chenga, nenda na shangazi au ndugu mkubwa anayeijua vizuri, kwa sababu fundisho la namna hii likipitia Kiswahili cha mjini peke yake hufika limenyofolewa nusu. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akikuambia "hili halisemwi", lipokee hivyo na usimzunguke. Siku hizi wazee wetu wametawanyika, mmoja yuko Bukavu, mwingine Kindu, mwingine kambi ya Nakivale kule Uganda, na sauti iliyotumwa kwa WhatsApp ni bora kuliko kungoja safari ambayo huenda isifanyike. Wazee wawili wakipingana, andika yote mawili pamoja na jina la kila msemaji.

Kama ulinunua, mambo ni tofauti kidogo, na nataka kusema wazi. Vinyago vingi vinavyouzwa mjini ni vipya, vimetiwa moshi na matope ili vionekane vya zamani. Usilipe bei ya kitu cha kale kwa kitu cha mwezi uliopita. Lakini ukishajua ni kipya, usikionee haya. Mti mpya hupokea maneno kama mti wa zamani, na aliyeuchonga mara nyingi ni mtu unayeweza kumfikia na kumuuliza alijifunzia wapi umbo lile. Pembe za ndovu ziache kabisa, hata muuzaji akiapa kwamba ni za enzi za babu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, nchi yetu ina sheria ya kulinda viumbe ya mwaka 2014, na tembo waliobaki katika hifadhi ya Virunga tunaijua hali yao.

Kwa mjukuu wa Kilega aliyerithi kipande cha kweli cha bwami nina neno la pembeni. Vitu hivyo havikutundikwa sebuleni. Vilikaa ndani ya mfuko au kikapu, vikatolewa mbele ya waliostahili, vikarudishwa. Kabla hujapiga msumari, uliza ukoo. Huenda mahali pake pa heshima ni ndani ya sanduku lako, na sebuleni ukaweka nakala.

Na hata ambaye hana kipande cha bwami ajifunze jambo kutoka katika ule mfuko. Kitu kinachoonekana kila siku, baada ya muda macho hukipita. Kishushe mara mojamoja. Kihamishe. Kiweke ndani kwa kipindi fulani, kisha kitoe siku ambayo kina kazi. Nyumba nilizoona kitu cha asili kikiwa hai kweli ni zile ambamo kuna siku yake.

Baada ya kuuliza, chagua neno moja. Sisemi ukariri historia yote kwa kila mgeni. Sema sentensi moja ambayo wewe na wa nyumbani mwako mnaweza kuiishi. Hebu tuchukue mgwisho. Kwa Wanyanga wa Walikale, ndugu zetu wa hapa Kivu Kaskazini, mgwisho umo katika kisa kikubwa kuliko vyote walivyotuachia, kisa cha Mwindo. Candi Rureke alikisimulia mwaka 1956, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu wa Kinyanga, wakakichapisha. Mwindo anazaliwa akiwa tayari ameshika mgwisho mkononi. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume na anajaribu kumuua. Mgwisho unamwokoa, unamshindia adui, unafufua waliokufa. Mtu akisimama hapo, atasema mgwisho maana yake ni nguvu, naye atautundika kama anayetundika bunduki. Lakini kisa hakiishii hapo. Mwindo anamwua Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua juu, na huko Mwindo anateswa na mvua, na baridi, na jua, mpaka majivuno yanamwisha. Anaporudi duniani ndipo anakuwa mtawala wa haki na kuwapa watu wake sheria za kuishi pamoja.

Sasa fikiria baba mwenye hasira za haraka ambaye ana mgwisho wa babu yake nyuma ya mlango. Akikijua kisa chote, mgwisho ule unamwambia jambo jingine kabisa kuliko alilodhani. Sentensi yake inaweza kuwa: "Katika nyumba hii mwenye nguvu hujibu wa mwisho." Haimo katika kisa, ni ya kwake, lakini imetoka katika kisa na inamgusa pale pale anapoumwa. Maana ya namna hiyo ndiyo ninayoitetea. Sentensi inayokusifu tu ipe mashaka. Tafuta ile inayokudai kitu.

Wapo watakaoniambia: mimi nimezaliwa Goma, wazazi wangu wamechanganya makabila manne, babu simjui, nitaanzia wapi? Ndugu yangu, wewe anzia kwenye chukudu.

Najua kuna wanaosema chukudu si mila, ni chombo cha kubebea makaa. Haina umri wa vinyago, ni kweli. Wazee wa mji hutaja miaka ya 1970 kama mwanzo wake. Lakini kitu huwa mila kwa kupokezanwa, na chukudu imepokezanwa. Fundi humfundisha kijana jinsi ya kuchagua mkaratusi usio na fundo, jinsi ya kuzungushia mpira wa tairi kuukuu kwenye gurudumu la mbao na kuupigilia misumari, wapi pa kuweka kipande cha mpira kwa ajili ya goti, na jinsi mpira wa breki unavyobana gurudumu la nyuma mteremko ukiwa mkali. Kijana huweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine husukuma ardhi, na mamia ya kilo hushuka kutoka Kibumba: makaa, kabichi, viazi, maharage. Jioni hupanda mlima uleule akisukuma. Mji umeiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko unaobeba jina lake, na sijui mji mwingine ambao umemweka msukuma mizigo mahali ambapo wengine huweka jenerali.

Tena chukudu si ya kabila lolote. Katika mji wetu hilo ni jambo zito. Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mshi, Mhavu, Mtembo, Mlega, wote wamekula kilichobebwa na chukudu. Lava ya 17 Januari 2002 ilipokata mji katikati na kufika ziwani, chukudu zilibeba magodoro, na baadaye zikabeba mawe na mbao za kujengea upya juu ya lava hiyo hiyo. Vita vilipofukuza watu kutoka Rutshuru na Masisi, zilibeba masufuria, magunia na watoto waliochoka.

Familia moja ninayoifahamu upande wa Kyeshero ina chukudu ya kuchongwa, ndefu kama mkono hadi kiwiko, aliyoitengeneza fundi wa zile kubwa kwa mabaki ya mkaratusi. Usukani wake unageuka. Magurudumu yamezungushiwa ukanda wa mpira wa ndala, na misumari midogo inaonekana. Baba wa nyumba alisukuma chukudu miaka mingi na ndiyo iliyolipa ada ya shule ya watoto wote. Matokeo ya mtihani wa taifa, EXETAT, yakitoka na mtoto wa nyumba hiyo akafaulu, chukudu hushushwa kabatini na kuwekwa mezani katikati ya vyakula. Kisha mtoto anataja kwa sauti mizigo: mwaka wa kwanza ulilipwa na makaa ya Kibumba, wa pili na kabichi, wa tatu na mbao za jirani aliyekuwa anajenga. Baba husahihisha akikosea. Mama huongeza magunia yake mwenyewe ya sokoni Virunga, ambayo watoto hupenda kuyasahau. Baada ya hapo ndipo hula.

Kwa maoni yangu hiyo ni sherehe kamili. Kuna kitu, kuna maneno, kuna mtu anayefundisha na anayefundishwa, kuna siku yake. Tena kuna tendo, na hilo ndilo lililokosekana katika sebule zetu nyingi. Sentensi bila tendo hukauka baada ya miezi michache, hata iwe nzuri namna gani. Tendo lenyewe liwe dogo: kushusha mgwisho kabla ya kikao cha kusuluhisha ndugu wawili na kumpa anayezungumza aushike, kujaza kikapu cha bibi arusi unga na kukipeleka kwa jirani aliyejifungua, kumtembelea mzee fulani kila mwaka, siku ile kitu kilipoingia nyumbani.

Swali la kanisa siwezi kulikwepa, kwa sababu ndilo linaloshusha vinyago vingi ukutani kuliko unyevu na wadudu. Wahubiri wengi wa makanisa ya uamsho hapa Goma hufundisha kwamba kinyago ni mlango wa mapepo, na nimesikia nyumba ambamo vitu vya ukoo vilichomwa uani mbele ya watoto. Usidanganye mtu wa Mungu kwa kusema "ni mapambo tu". Mwambie ukweli: hiki ni cha babu yangu, sikiombi, sikitolei sadaka, kinanikumbusha fundisho hili na hili. Maelezo ya wazi hutuliza wengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa linalowatisha ni siri. Mkatoliki anaweza kukumbusha kwamba mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, ambamo pamoja na watakatifu huitwa pia mababu walioishi kwa moyo mnyofu. Mwislamu asiyetaka sura ya mtu nyumbani atapata maana ile ile katika mkeka, kikapu au kitambaa. Na kama mwenzi wako wa ndoa bado hana amani na kinyago kile, usikilazimishe kikae juu ya kitanda chake. Amani ya nyumba itangulie, kitu kikae kwa ndugu yako kwa muda.

Kuhusu kabila nitasema kwa ufupi na kwa uzito. Kibuyu cha maziwa, mkuki, kofia ya ukoo, hivi husomwa na macho ya wageni, na katika miaka hii, hasa tangu mapigano ya Januari 2025, kuna macho ambayo husoma vibaya. Sikushauri ufiche ulivyo. Nakushauri neno unalolitamka juu ya kitu chako liwe neno ambalo jirani wa kabila jingine anaweza kukaa chini yake na kunywa chai. Kibuyu cha maziwa kikiambatana na "hapa mgeni hunywa kwanza" kinamkaribisha kila mtu. Neno likihitaji adui ili lieleweke, libadilishe.

Mahali pa kuweka pafuate maneno. Kitambaa cha Kikuba, kwa mfano, wanaume hufuma rafia na wanawake hutarizi, na kwa vizazi vingi koo za Kasai zilikusanya vitambaa hivyo ili ziwazike navyo watu wao. Ukilijua hilo, huenda utakitoa nyuma ya televisheni na kukisogeza zilipo picha za wazazi waliotangulia.

Na kitunze. Hewa ya ziwa na masika hufanya ukungu kwenye mbao, basi usikibandike kwenye ukuta wa nje unaotoka jasho. Acha nafasi nyuma ipite hewa. Usikiweke juu ya jiko la makaa. Udongo mweupe wa kinyago usiuoshe kwa maji, utaondoka wote; pangusa vumbi kwa brashi laini. Usipake vanishi. Ukiona unga mwembamba chini ya kitu, mdudu yumo ndani anakula: kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uombe nafasi katika friza ya baridi kali ya mtu unayemwamini, kikae humo wiki mbili, kisha kiache ndani ya mfuko mpaka kirudie joto la kawaida. Juani usikianike, kitapasuka.

Nyuma yake bandika karatasi iliyoandikwa kwa penseli: kilichongwa na nani, wapi, kilifikaje kwako, wazee walisema nini, na sentensi ya nyumba yenu. Piga picha ya kitu na ya karatasi, umtumie ndugu aliye Kampala au Brussels. Nasema hivi kwa sababu tunaishi Goma. Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, gavana aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu wakatembea hadi Sake wakiwa na walichoweza kubeba. Wengi hawakubeba vitu vya ukutani, na walifanya sawa. Mtoto na kitambulisho hutangulia.

Kwa waliopoteza, na ni wengi, waliotoka Masisi au Rutshuru na kukuta huku nyuma nyumba imechomwa, ushauri wangu ni huu. Mnayo bado ile nusu iliyo kubwa. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta kinyago kikubwa cha Wasuku, kakungu, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, kwa mkopo usiowekewa mwisho. Mti ulirudi, lakini maneno yake hayakuwa Ulaya kusubiri kurudishwa. Yako kwa Wasuku wenyewe. Kwenu ni kinyume: mti umeungua, maneno mnayo. Mweleze mchongaji umbo, au mchoree, akuchongee kingine. Siku ya kukiingiza ndani mwite anayekumbuka, aseme mbele yake yale yaliyokuwa yakisemwa mbele ya kile cha kwanza.

Mwisho amua mapema nani atakipokea. Katika bwami vitu vya marehemu vilihifadhiwa na kukabidhiwa aliyefaa kuvibeba, na aliyefaa hakuwa lazima mwana mkubwa. Mtazame yule anayeuliza, hata kama ni binti wa dada yako. Mtaje mbele ya wengine ukiwa mzima, ili kisije kikagombaniwa siku ya matanga. Mpe karatasi aisome, kisha umwombe aandike sentensi yake chini ya yako, na tarehe.